Kupakia na Kushusha Kemikali za Hatari Katika Malori ya Tangi

Runzewe ni mji mdogo wa wilaya ya Bukombe, ulio kando ya barabara kuu itokayo Isaka na Kahama, ikapita Ushirombo na kuelekea Nyakanazi na mipaka ya Rwanda na Burundi. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Geita. Mwanafunzi akaaye karibu na barabara hiyo huyaona malori ya tangi yakipita usiku na mchana. Mengi hubeba petroli, dizeli na mafuta ya taa kwenda katika nchi jirani zisizo na bandari, na mengine hushusha shehena yao papo hapo katika vituo vya mji. Na kwa kuwa eneo lote ni la dhahabu, barabara za mkoa hupitisha pia asidi, soda kali na sianidi ziendazo katika migodi mikubwa na kwa wachenjuaji wadogo.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya gari la namna hiyo imo katika mwendo wake. Ni kweli kwamba safari ina hatari zake, nazo zitaelezwa mbele. Lakini tangi lililofungwa sawasawa, likatulia juu ya magurudumu yake, ni chombo chenye usalama wa kutosha. Hatari huongezeka linapofunguliwa: mfuniko unapoinuliwa, mpira wa kushushia unapounganishwa, na kimiminika kinapoanza kutiririka kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Katika saa hiyo huwapo vitu viwili visivyoonekana kwa macho, yaani mvuke na chaji ya umeme. Huwapo pia kitu cha tatu kinachoonekana ila husahauliwa, nacho ni jina la kile kilichomo tangini. Kanuni nyingi zilizobandikwa katika ukuta wa kituo cha mafuta zimetokana na mambo hayo matatu, na karibu zote zaweza kuelezwa kwa fizikia na kemia ya kidato cha nne.

Mvuke

Petroli yenyewe haiungui; kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kila kimiminika kinachowaka kina kiwango cha chini cha joto ambacho juu yake hutoa mvuke wa kutosha kuwashwa na cheche. Kwa petroli kiwango hicho ni karibu nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, na kwa hiyo hakuna siku wala usiku katika Tanzania ambapo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka. Kwa mafuta ya taa kiwango hicho ni karibu nyuzi 38 au zaidi, na kwa dizeli hupita nyuzi 50. Ndiyo sababu dizeli iliyomwagika sakafuni huonekana kuwa mpole kuliko petroli, ingawa upole huo, kama itakavyoonekana, una mipaka.

Mvuke wa petroli huwaka tu unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko wake na hewa. Chini ya hapo huwa hafifu mno. Juu ya hapo hukosa oksijeni ya kutosha. Asilimia 1.4 yaonekana kuwa kiasi kidogo, na hapo ndipo hesabu inapofaa. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, lakini ikichukuliwa kwamba moli moja ya mchanganyiko huo ina gramu 100, basi lita moja ni moli 7.4. Moli moja ya gesi katika joto la kawaida la chumba hujaza lita 24. Kwa hiyo lita moja ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke hutoa karibu lita 178 za mvuke, na mvuke huo ukienea katika hewa hadi kufikia asilimia 1.4 utajaza lita 12,700. Hicho ni chumba kidogo cha kulala. Petroli ya chupa moja, kama zile zinazouzwa kando ya barabara kwa wenye pikipiki, yatosha kukigeuza chumba kizima kuwa bomu.

Mvuke huo una uzito wa mara tatu hadi nne ya ule wa hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, hufuata mteremko na mitaro, huingia mashimoni na kutulia humo. Waweza kusafiri mbali hadi ulipo moto, kisha mwali ukarudi kwa kasi kufuata njia ule mvuke uliyopita. Basi jiko la mkaa la mama lishe lililowekwa upande wa bondeni wa kituo ni hatari kubwa kuliko sigara ya mtu aliye upande wa mlimani, ingawa yote mawili yamekatazwa.

Mwalimu asijaribu kamwe kulionyesha jambo hili kwa petroli. Kabonidayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hufaa zaidi. Magadi ya jikoni yakitiwa siki au maji ya ndimu ndani ya jagi refu, gesi hujikusanya humo bila kuonekana. Mshumaa mfupi uwashwe chini ya mfereji wa karatasi ngumu iliyokunjwa, kisha gesi imiminwe taratibu juu ya mfereji bila kumwaga maji yake. Mwali utazimika, na wanafunzi watakuwa wameona gesi ikitiririka kama maji. Tofauti iliyopo ni kwamba gesi ya kituoni hauzimi moto huo, huubeba.

Tangi linaloitwa tupu

Katika lugha ya barabarani lori lililoshusha shehena huitwa tupu. Kwa mkemia neno hilo si sahihi. Tangi lililojaa petroli lina nafasi ndogo juu, na nafasi hiyo imejaa mvuke mwingi kupita asilimia 7.6, kiasi cha kutoweza kuwaka. Petroli inaposhuka, hewa huingia mahali pake na kuupunguza ule mvuke hadi ukaingia katika mipaka ya kuwaka. Tangi tupu ndilo lenye mchanganyiko ulio tayari. Fundi anayechomelea ufa katika tangi au pipa ambalo halijaoshwa na kupimwa hufanya kazi juu ya mlipuko unaosubiri cheche, na cheche anayo mkononi.

Kuna hali nyingine isiyofahamika sana, nayo ndiyo inayoonyesha mipaka ya upole wa dizeli. Lori lililobeba petroli safari iliyopita huenda likapakiwa dizeli safari hii. Dizeli inapoingia katika chumba chenye mabaki ya mvuke wa petroli, huufyonza mvuke huo. Hewa huchukua nafasi yake, na mchanganyiko uliokuwa mzito mno hushuka hadi katika mipaka ya kuwaka. Wakati huohuo dizeli inayotiririka hukusanya chaji ya umeme. Mvuke umetoka kwa petroli, na cheche imetoka kwa dizeli. Milipuko mingi iliyotokea duniani wakati wa kupakia malori imetokana na mabadiliko hayo ya shehena, mikononi mwa watu walioamini kwamba siku hiyo wanapakia kitu kisicho na hatari. Bohari zenye utaratibu mzuri humwuliza dereva kilichobebwa safari iliyopita katika kila chumba cha tangi, na jibu lake huandikwa.

Umemetuli

Kila mwanafunzi amewahi kusugua rula ya plastiki kwenye nywele na kuvuta vipande vya karatasi. Mafuta yanayopita ndani ya bomba hufanya kazi ileile: hujisugua na kuta za bomba, na zaidi sana na chujio, yakachukua chaji ya aina moja na kuliachia bomba chaji ya aina nyingine. Kama mafuta yangekuwa yanapitisha umeme vizuri, chaji ingetoweka mara moja. Lakini petroli, dizeli na mafuta ya taa hupitisha umeme kwa shida sana. Katika mafuta safi sana chaji yaweza kuchukua sekunde 18 hivi kupungua hadi asilimia 37 ya kiasi chake cha mwanzo. Lori nalo limesimama juu ya matairi ya mpira. Likikosa njia ya kupeleka chaji ardhini, volti zake hupanda kimyakimya.

Nishati ya cheche hupatikana kwa kanuni ya nusu ya kapasitansi mara volti za kipeo cha pili. Mwili wa mtu una kapasitansi ya pikofaradi 150 hivi. Mtu aliyevaa nguo za nailoni, akateremka kutoka katika kiti cha gari siku ya kiangazi, aweza kufikia volti 10,000. Nishati yake ni 0.5 × 150 × 10⁻¹² × (10,000)², yaani juli 0.0075 au milijuli 7.5. Mvuke wa petroli huwashwa na cheche ya milijuli 0.25 hivi. Mtu huyo amebeba mara 30 ya kiasi kinachohitajika. Tena mtu huanza kuuhisi mshtuko wa cheche volti zinapofika 3,000 hivi, ambazo kwa mwili uleule ni karibu milijuli 0.7. Cheche ndogo kabisa anayoweza kuihisi yatosha kuwasha petroli, na yenye nguvu za kutosha yaweza kuruka bila yeye kuihisi.

Kutokana na hayo zilitungwa kanuni za mwendo. Mafuta yanapoanza kuingia tangini hayaruhusiwi kwenda kasi kupita mita moja kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba uzame kabisa ndani ya kimiminika. Baada ya hapo kasi yaweza kuongezwa, lakini kwa bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 isizidi mita 5 kwa sekunde. Bomba hufikishwa karibu na sakafu ya tangi ili mafuta yasianguke na kurusha matone, kwani matone yanayoruka huongeza chaji na mvuke kwa pamoja. Na baada ya kupakia, ufito wa kupimia kina hautumbukizwi mara moja. Husubiriwa dakika kadhaa ili chaji itoweke. Dereva mwenye haraka huona kungoja huko ni kupoteza muda bure. Amekwisha kuendesha siku mbili kutoka Dar es Salaam, lakini dakika hizo chache ndizo anazotaka kuziokoa.

Simu ya mkononi imepewa sifa mbaya katika vituo vya mafuta kuliko inavyostahili. Imekatazwa kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya mahali penye mvuke wa kuwaka, na kwa sababu humwondolea mtu umakini. Lakini pikipiki inayowashwa karibu na mdomo wa tangi, swichi ya taa ya kawaida, na dumu la plastiki linalojazwa likiwa limefungwa nyuma ya pikipiki, vyote hivyo vina hatari kubwa zaidi na havikemewi kwa sauti kama ile ya kukemea simu. Dumu huwekwa chini ardhini, na mdomo wa pampu ukaguse ukingo wake, ndipo lijazwe polepole.

Saa ya kushusha kituoni

Lori likifika, huegeshwa likielekea njia ya kutokea, ili liweze kuondoka bila kurudi nyuma ikitokea dharura. Injini huzimwa na breki ya mkono hufungwa. Kisha jambo la kwanza, kabla ya mfuniko wowote kufunguliwa, ni kuunganisha waya wa ardhini: kibanio kimoja kwenye kigingi cha chuma kilichozikwa, na kingine kwenye chuma kitupu cha lori. Kibanio kilichobanwa juu ya rangi au kutu hakina kazi, kwa kuwa rangi ni kizio. Waya huo huwa wa kwanza kuunganishwa na wa mwisho kuondolewa. Sababu ya utaratibu huo ni rahisi: cheche hutokea pale viungo viwili vya chuma vinapokutana au kuachana, na kama vitaachana ni heri viachane mahali ambapo hakuna mvuke tena.

Hapo ndipo hupimwa tangi la chini ya ardhi. Jambo hili laonekana kuwa la uhasibu tu, lakini ndilo linalozuia ajali nyingi. Mafuta yakishuka kwa mvutano wa dunia, na tangi la chini likajaa kabla chumba cha lori hakijaisha, mpira wote hubaki umejaa petroli isiyo na pa kwenda. Mtu atakayeufungua mpira huo atajimwagia. Nafasi ya asilimia 3 hivi huachwa juu kwa ajili ya mafuta kutanuka, kwa kuwa petroli hutanuka kwa sehemu moja katika elfu, karibu sana, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka.

Mvuke uliokuwa katika tangi la chini husukumwa nje kadiri mafuta yanavyoingia: lita moja ya petroli ikiingia, lita moja ya mvuke hutoka. Vituo vingine huwa na mpira wa pili unaourudisha mvuke huo ndani ya lori. Vingine huutoa kwa bomba refu lililoinuliwa juu ya vichwa vya watu. Bomba hilo lisizibwe, wala lisijengewe kibanda cha biashara chini yake. Dereva na mhudumu hawaondoki mpaka kazi iishe. Chai hunywewa baadaye.

Asidi na soda kali

Kemikali za migodini zina tabia nyingine. Asidi ya sulfuriki ya asilimia 98 haiwaki, lakini lita yake moja ina uzito wa kilogramu 1.84. Tangi la lita 20,000 likijazwa petroli hubeba tani 15 hivi. Likijazwa asidi hiyo lingebeba karibu tani 37. Ndiyo sababu matangi ya asidi huonekana madogo, na ndiyo sababu pia mpira uliojaa asidi ukichomoka hurushwa kwa nguvu isiyotazamiwa.

Asidi nzito haili chuma cha kawaida kwa haraka, kwani hujenga juu yake utando wa salfati ya chuma unaokikinga. Asidi iliyochanganyika na maji hukila chuma hichohicho na kutoa haidrojeni:

Fe + H₂SO₄ → FeSO₄ + H₂

Basi tangi la asidi lililoingiwa na mvua, au lililooshwa kwa maji kidogo, ni tangi lenye gesi ya kulipuka. Watu huliona kuwa salama kwa sababu asidi imetoka. Kuhusu maji, kanuni ya maabara haibadiliki kwa ukubwa wa chombo: asidi hutiwa katika maji, maji hayatiwi katika asidi, kwa kuwa joto linalotokea huyachemsha maji juu ya uso wa asidi na kuirusha. Ngozi au jicho lililopatwa ni jambo jingine; hapo maji mengi sana hutumiwa bila kusita, kwa dakika 15 au zaidi, ndipo mtu apelekwe hospitali. Bomba la maji ya kujiokoa hufunguliwa na kujaribiwa kabla ya kushusha. Suruali huvaliwa nje ya buti, isipenyezwe ndani, ili asidi isiingie mguuni.

Soda kali huja mara nyingi kama mmumunyo wa asilimia 50. Haina harufu, na jicho laweza kuharibika sana kabla maumivu hayajawa makali. Huila alumini na kutoa haidrojeni, na kwa hiyo ndoo ya alumini haifai kukinga matone yake.

Mdomo wa bomba usio wake

Kosa kubwa kuliko yote katika kushusha kemikali halihitaji kuvuja hata tone moja. Lori ni zima, mpira ni mpya, waya umefungwa, na kemikali inaingizwa katika tangi lisilo lake.

Tarehe 6 Julai 1988, huko Camelford nchini Uingereza, dereva mgeni alimimina tani 20 za mmumunyo wa salfati ya alumini katika tangi lisilostahili kwenye mitambo ya kusafishia maji. Maji hayo yaliwafikia watu wapatao 20,000 majumbani. Tarehe 21 Oktoba 2016, katika mji wa Atchison nchini Marekani, asidi ya sulfuriki iliunganishwa na bomba la tangi la sodiamu hipokloraiti, yaani dawa ya kuulia vijidudu. Midomo ya mabomba hayo mawili ilikuwa karibu, chini ya nusu mita kati yao, na ilifanana. Kilichotokea chaweza kuandikwa katika mstari mmoja:

NaOCl + NaCl + H₂SO₄ → Cl₂ + Na₂SO₄ + H₂O

Wingu la klorini lilitanda juu ya mji, na watu zaidi ya 140 walitafuta matibabu.

Ukanda wa dhahabu una mfano wake wa hatari hiyo, na ndio unaostahili kufikiriwa zaidi na wanafunzi wa Geita na Shinyanga. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Katika mitambo inayonasa dhahabu kwa makaa, sianidi huiyeyusha dhahabu kutoka katika mawe yaliyosagwa, na asidi ya haidrokloriki huyasafisha makaa yenyewe. Kemikali hizo mbili hufika katika bohari moja. Zikikutana:

NaCN + HCl → HCN + NaCl

Sianidi ya haidrojeni huchemka katika nyuzi 26 hivi. Mchana wa kawaida wa Runzewe yatosha kuifanya gesi. Ni sumu ya haraka, na harufu yake, inayofanana na ya lozi, watu wengine hawawezi kuinusa kabisa. Kwa hiyo maji ya kuyeyushia sianidi hutiwa kwanza chokaa au soda kali, na pH haiachwi ishuke chini ya 10. Mabomba hupewa viungo vya ukubwa tofauti ili mpira wa asidi usiweze kuingia katika mdomo wa sianidi hata mtu akitaka; hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa mtu anayeisoma hati ya mzigo mwenyewe. Rangi peke yake haitoshi, kwani vumbi jekundu la mkoa huu hufunika rangi zote katika msimu mmoja. Mchenjuaji mdogo mwenye mapipa mawili yasiyo na maandishi hana kufuli wala viungo tofauti. Anachoweza kufanya ni kuyaandika mapipa na kuyatenga kabisa, kila moja katika banda lake.

Magari mengi hubeba bamba la rangi ya chungwa lenye namba mbili. Ya chini hutambulisha kemikali: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1830 asidi ya sulfuriki, 1824 mmumunyo wa soda kali, 1689 sianidi ya sodiamu. Ya juu hueleza aina ya hatari: 33 ni kimiminika kinachowaka kwa urahisi sana, 80 ni kitu kinachounguza mwili. Katika Tanzania kemikali husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo yenye dhamana hiyo. Biashara ya mafuta husimamiwa na EWURA.

Tangi linapopinduka

Lori lililopinduka linashusha shehena yake bila kanuni hata moja kati ya zilizoelezwa. Hakuna waya wa ardhini, kasi haipimwi, mvuke hauna bomba, na watu wanaosogea huja na ndoo za plastiki, pikipiki na taa. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, watu waliokusanyika kuchota petroli waliunguzwa na mlipuko, na waliokufa walizidi 100. Huko Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, walizidi pia 100. Katika kijiji cha Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, walizidi 200. Umaskini umetajwa mara nyingi kuwa sababu, na hapana shaka unahusika. Lakini wengi waliokuwapo waliamini pia kwamba moto usioonekana haupo. Hawakujua kwamba kila ndoo ya lita 10 iliyochotwa ilikuwa na mvuke wa kutosha kujaza zaidi ya mita 120 za ujazo za hewa inayowaka.

Asidi nayo haina huruma. Mwezi Februari 2019, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, lori la asidi ya sulfuriki iliyokuwa ikipelekwa mgodini liligongana na magari mengine, na watu zaidi ya 15 walikufa. Sianidi iliyoanguka mtoni huko Barskoon, Kirgizia, tarehe 20 Mei 1998, ilikuwa kilogramu 1,762 kutoka katika lori moja.

Mwongozo wa dharura unaotumiwa Amerika ya Kaskazini hupendekeza kuwaondoa watu walio upande upepo unakoelekea hadi mita 300, petroli nyingi inapomwagika, na mita 800 kila upande endapo tangi linawaka. Kwa mji kama Runzewe, ambako nyumba, soko na shule huikaribia barabara, mita 800 ni sehemu kubwa ya mji. Mwelekeo ni ule ule daima: kuelekea upepo unakotoka na upande wa mlimani. Pikipiki haziwashwi hapo, husukumwa. Maji hayamwagwi juu ya petroli inayowaka, kwa kuwa petroli huelea na kusafiri juu yake pamoja na moto. Povu, mchanga au udongo hufaa. Visima vilivyo upande wa bonde hufungwa hadi maji yake yapimwe.

Maswali

1. Tangi la chini ya ardhi la kituo kimoja lina ujazo wa lita 20,000, nalo halijazwi kupita asilimia 97. Ufito umeonyesha kwamba lina lita 6,500. Lori limeleta lita 14,000. Ni lita ngapi zinazoweza kushushwa? Eleza kwa nini mabaki hubakizwa ndani ya lori na hayawekwi katika mapipa.

2. Lori lisilounganishwa na ardhi lina kapasitansi ya pikofaradi 1,000 na limefikia volti 10,000. Tafuta nishati ya cheche yake kwa milijuli, kisha uilinganishe na ile inayotosha kuwasha mvuke wa petroli.

3. Lita 10,000 za petroli zilipakiwa alfajiri katika nyuzi 20 na kufika zikiwa na nyuzi 30. Ikiwa petroli hutanuka kwa 0.00095 kwa kila nyuzi, ni lita ngapi zilizoongezeka njiani bila mtu kuongeza kitu?

4. Chora ramani ya kituo cha mafuta kilicho karibu na shule, uonyeshe mteremko wa ardhi, mitaro, makalvati, visima, majiko ya mkaa na mahali pikipiki zinapoegeshwa. Kwa mishale, onyesha njia ambayo mvuke ungeifuata asubuhi isiyo na upepo.